Treni ya Nkambo na Kadi ya Picha

Mashine yangu ilikuwa inakufa mahali pale pale kila siku: karibu kabisa na stesheni, wakati paa la jengo lake limeshaonekana.

Kompyuta hiyo ilizaliwa ofisini. Kampuni moja ya madini ilifunga milango, vitu vyake vikauzwa pamoja na viti na mapazia, na mashine ikapita mikono mingi kabla ya kufika kwangu na namba ya ofisi bado imebandikwa ubavuni. Mimi niliiongezea kadi ya picha, ile tunayoiita carte graphique. Ilikuwa kadi ndogo yenye feni moja, niliyoitoa ndani ya mashine nyingine iliyokufa. Feni yake ilikuwa inapumua kama mtu anayepuliza chai ya moto, lakini ilitosha. Mchana nilikuwa nafanyia watu kazi zao, barua, kalenda zenye picha za familia, nyimbo za kujaza kwenye flash. Kazi ikiisha, tunawasha mchezo wa kuendesha treni.

Nasema tunawasha kwa sababu dereva sikuwa mimi. Dereva alikuwa Nkambo.

Nkambo ni babu yangu, baba ya mama yangu. Alitumika reli tangu akiwa kijana mpaka nywele zikawa nyeupe, akiendesha lokomotivu za umeme zilizovuta madini kutoka huko juu, kupita Kambove na Likasi, hadi hapa Lubumbashi. Siku ya kwanza aliyonikuta na mchezo ule alisimama mlangoni mwa chumba changu cha annexe, kile kijengo cha nyuma ya nyumba kubwa, mikono yote miwili juu ya fimbo, akaangalia.

"Uko nafanya nini?"

"Niko naendesha treni, Nkambo."

"Uongo. Uko naigonga treni. Toka pale."

Nikatoka. Akakaa. Nikamwonyesha kidude cha kuongeza mwendo na kidude cha breki, akavisogeza kidogo kidogo kwa vidole viwili, na kwa mara ya kwanza treni yangu ikatembea bila kuruka ruka. Tangu siku hiyo mimi nikawa aide wake, msaidizi wa dereva. Kazi yangu ilikuwa kusoma ishara kwa sauti, kwa sababu macho yake yalikuwa na ukungu pembeni, na kunyamaza mahali pengine pote.

Laini ya mchezo ilikuwa ya nchi ya mbali, yenye milima na theluji. Huku kwetu ulikuwa mwezi wa kumi, joto lile la kabla ya mvua, hata mbwa wanatafuta kivuli cha ndoo. Nkambo alikuwa anavaa koti lake la reli, lile zito la buluu, na kofia.

"Nkambo, kuko joto."

"Angalia inje kwanza," ananijibu, akionyesha theluji kwenye skrini. "Utaendesha mu baridi ile na shimizi tu, bila koti?"

Kila jioni ilikuwa hivyo hivyo. Tunatoka stesheni ya kwanza vizuri, tunapanda mlima, tunavuka daraja, tunaingia bondeni, na pale nyumba za mji wa mwisho zinapoanza kuonekana, pap! Skrini nyeusi. Feni kimya. Nkambo anabaki ameshika breki ya treni ambayo haipo tena.

Mara ya tano au ya sita hakucheka. Alivua kofia akaiweka juu ya goti.

"Hata ile ya mwisho haikufikaka," akasema.

Hapo ndipo aliponiambia. Treni yake ya mwisho kazini ilikuwa na mabehewa mengi ya madini, na katikati ya njia laini ikakosa umeme. Wakangoja porini tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Ikatumwa lokomotivu ya mazuti, yaani ya dizeli, kuja kuwavuta, na yeye akaingia Lubumbashi amekaa kama abiria nyuma ya dereva mwingine. Wiki iliyofuata wakampa barua ya kupumzika. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa namwona ni mzee mwenye furaha, na ni mzee mwenye furaha kweli. Sikujua kwamba kulikuwa na treni imesimama ndani yake.

Na muda wetu ulikuwa mfupi. Mama mdogo wangu, anayeuza samaki kule Kilwa kwenye ziwa, alikuwa amemwomba aende kukaa naye. Barabara ya Kilwa mvua ikianza inageuka uji, kwa hiyo alipaswa kupanda lori la Jumanne. Basi nikaapa moyoni: kabla ya Jumanne, Nkambo atafikisha treni.

Nikaenda mjini kwa muuzaji wa vipuri. Alinisikiliza huku akitikisa kichwa kama daktari.

"Mon petit, carte yako imechoka. Pale ku stesheni kuko manyumba mingi, miti, bantu. Carte inabeba, inabeba, inashindwa. Badilisha."

Akanitolea moja kwenye sanduku. Ilikuwa na feni mbili na taa ndogo pembeni, nzito mkononi kama tofali dogo, nyeusi, safi, bila hata alama ya kidole. Akawasha mashine yake iliyokuwa na kadi ya namna hiyo, akanionyesha mchezo wenye theluji. Jamani! Theluji ilikuwa inaanguka chembe moja moja. Kwangu ilikuwa inaanguka kwa mabonge, kama bukari, yaani ugali, iliyopikwa na mtu mwenye haraka. Nikaona hata pumzi ya farasi mmoja aliyesimama kando ya njia.

Sitaficha, njia nzima ya kurudi kwetu Kampemba nilikuwa naota. Kwa kadi ile nitajifunza kutengeneza laini yetu wenyewe ndani ya mchezo, kutoka Likasi mpaka hapa, na vichuguu vyake vyekundu na wauza makaa na baiskeli zao kando ya njia. Watu watakuja kuniuliza, nani alifanya hii? Nami nitasema, mimi, na niliishia shule darasa la kati tu. Nilichokuwa nimekusanya kilitosha kadi, na muuzaji alikubali kuniwekea hadi Jumamosi.

Nkambo alisikiliza habari yote. Farasi na pumzi yake havikumgusa. Aliuliza kitu kimoja tu, habari ya umeme.

"Inakula courant ngapi?"

Sikujua. Nikampigia muuzaji simu palepale.

"Inakula mara mbili ya ile yako, hata kupita," akajibu kwa furaha. "Lakini nguvu yake utaiona!"

Nkambo akacheka mpaka akakohoa. Halafu akavaa kofia. "Tuanze treni. Lakini leo, aide, usiangalie neige. Angalia ampoule."

Nikaiacha theluji, nikaiangalia taa iliyoning'inia juu yetu. Nyuma yangu nasikia treni inapanda mlima, inavuka daraja. Nje, parseli, yaani kiwanja chetu chote, ilikuwa katika saa yake ya kawaida. Kwetu umeme ukirudi alasiri hakuna anayengoja: wa kwanza kuona taa anapiga kelele "Courant!" na milango yote mitano ya annexe inachomeka réchaud, lile jiko dogo la umeme lenye waya unaowaka mwekundu, kwa sababu makaa ni ghali na hakuna ajuaye umeme utakaa saa ngapi. Maharagi ndiyo yanatangulia. Taa ikaanza kufifia. Ikawa njano, ikawa rangi ya kiini cha yai, ikawa kama mshumaa. Pap! Treni ikafa.

"Umeona?"

"Nimeona ampoule, Nkambo. Lakini machine..."

"Ku reli, treni mbili zikipanda mulima saa moja mu laini moja, ya nyuma inakosa nguvu. Sasa utabadilisha moteur? Moteur iko muzima! Ni courant njo haifike. Na weye unataka kuleta moteur yenye kula zaidi."

Sikutaka kuamini. Nilikuwa nimeshaupenda ule uzuri mweusi ndani ya sanduku. Basi Nkambo akatoka uani akasimama mbele ya mlango wa jirani yetu, mama mmoja mwenye asili ya Kasai anayeuza unga wa muhogo sokoni, mwanamke ambaye maharagi yake tunayajua kwa harufu kabla hatujayaona.

"Mama, tosha réchaud ku courant kidogo. Dakika mbili."

"Papa, maharagi bado ngumu."

"Dakika mbili tu, Mama."

"Dakika mbili za bantu ao dakika mbili za treni? Juu treni za huku minazijua!"

Lakini akachomoa, na mlango wa pili na wa tatu wakachomoa pia, wakitaka kuona mzee anafanya nini. Taa ikawa nyeupe pe! Nikawasha mashine haraka, nikaanzia kwenye ishara ya mwisho. Nyumba zikaja. Miti ikaja. Watu wa theluji wenye nyuso bapa wakaja, wote, na kadi yangu kuukuu ikawabeba bila neno. Tuliona mpaka saa ya stesheni.

"Dakika mbili zimeisha!" akaita Mama, akachomeka.

Pap.

Nkambo hakukasirika. Aliinua fimbo akaanza kuufuata waya, kutoka chumba changu, juu ya milango, kupita mti wa avoka, mpaka nyumba kubwa kwenye sanduku la umeme. Nilimfuata. Ulikuwa waya mwembamba wa aluminium, umeungwa na kuungwa tena, umefungwa vipande vya mfuko wa plastiki. Sisi, watu wa mji ambao malori yake yanapita mchana kutwa yamebeba shaba!

"Nani alifungaka hii takataka?" akauliza.

Nikasita. Mama yangu alishanisimulia. "Ni weye, Nkambo."

Akageuka kuniangalia. Kisha akakumbuka, nikaona akikumbuka. Annexe ilikuwa stoo tu zamani hizo, ya makaa na baiskeli yake. Alivuta waya ule siku moja kabla ya kwenda zamu, kwa taa moja, akisema atakuja kuweka mzuri akirudi. Baadaye stoo ikawa chumba, chumba kikawa milango minne ya wapangaji na mmoja wangu, na kila mtu akaunganisha pale pale.

"Ampoule moja," akasema polepole. "Niliifungaka juu ya ampoule moja." Akakaa kwenye ngazi, akaanza kucheka, bega zikitikisika. "Kumbe miye mwenyewe njo niko naua treni yangu!"

Sasa sikilizeni ujanja wangu, maana niliufikiria usiku kucha nikaona ni mzuri. Nitanunua kadi. Jumapili tutawaomba majirani wasipike saa moja tu, na Nkambo atafika stesheni katika theluji ya chembe moja moja, na mimi nitabaki na kadi yangu. Kila mtu ameshinda. Asubuhi nikamwambia.

Hakunigombeza. "Ni franga zako, ulizitumikia," akasema. "Nunua. Lakini kuya kwanza, leta mukono."

Akanisimamisha juu ya kiti chini ya waya, pale unapopita juu ya mlango wa yule Mama wa maharagi. Umeme ulikuwapo na réchaud zilikuwa zinawaka kwa chai ya asubuhi. Nikagusa plastiki yake kwa mgongo wa kidole, kama alivyonifundisha.

Ulikuwa na joto. Joto la mwili, kama paji la uso la mtoto mwenye malaria. Na chini yake kuna pazia la mlango, na nyuma ya pazia anasikika Mama akiimba wimbo wa misa, na watoto wake watatu bado wamelala kwenye mkeka mmoja.

Nikashuka.

Jumamosi nikaenda mjini. Muuzaji aliponiona akatoa sanduku chini ya meza, akalipangusa kwa mkono wa shati. Nikaomba kuishika kadi tena. Nikaishika. Nikaiambia kimoyomoyo ingoje, halafu nikamrudishia.

"Hautaki tena?"

"Ninaitaka sana. Lakini waya wa kwetu haujaweza kuibeba."

"Waya! Bantu banacheza hivyo hivyo, mon petit."

"Njo nimeona. Na waya iko moto."

"Utarudia hapa."

"Nitarudia," nikasema, na nilikuwa ninacheka, sijui kwa nini. Nikavuka barabara mpaka duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua kebo ya shaba, nene, mzingo mzima. Niliibeba begani hadi nyumbani. Shaba mpya ikikatwa ina rangi ya vitumbua vinavyotoka mafutani. Sijawahi kununua kitu kisicho na taa wala feni nikajisikia tajiri namna ile.

Tulifanya kazi mchana mzima. Nkambo alizima umeme kwenye sanduku akaweka ufunguo wake mfukoni, asije mtu kuwasha kwa haraka ya maharagi. Mimi nilipanda ngazi, yeye chini anaamuru. Kila kiungo nilichofunga alitaka kukigusa mwenyewe. Macho yake hayakuweza, lakini ncha za vidole vyake zilikuwa zinasoma.

"Hapa kuko nafasi. Rudilia."

Nikarudia.

"Bado. Rudilia."

"Nkambo, imekaza!"

"Imekaza juu ya ampoule. Miye nataka ikaze juu ya treni."

Nikarudia mara ya tatu. Akagusa, akapapasa, akatoa kitambaa akafuta mikono. Huko kwao reli, nadhani, ndivyo walivyokuwa wanapongezana.

Jumapili baada ya misa umeme haukuwapo. Tukala karanga, tukangoja. Nkambo alikuwa amekaa mbele ya skrini nyeusi, koti limefungwa mpaka shingoni. Hatimaye mtu akapiga kelele, "Courant!" Nikakimbia uani kuwaomba majirani wangoje kidogo, lakini sauti yake ikanifuata.

"Hapana! Bawashe réchaud zote! Zote tano! Ku dépôt ya reli tulikuwa najaribisha machine na mabehewa yake yote, si tupu."

Wakawasha zote. Halafu, kwa kuwa mpishi wa maharagi hana la kufanya isipokuwa kungoja, wakaja. Mama akaingia wa kwanza na beseni lake, akakaa kwenye kitanda changu kama mtu aliyelipia.

"Papa, miye niko première classe. Na ile beseni usinidai franga ya bagage."

"Mama, beseni inapanda ku wagon ya marchandises, ya mizigo."

"Njo kusema nami napanda kule?"

Chumba kikajaa. Wengine walisimama mlangoni, wengine dirishani. Nkambo akapiga honi, na treni ikaondoka.

"Ile njo neige?" Mama akauliza.

"Njo yenyewe."

"Hapana. Ile ni bunga yangu imemwangika!"

Tulipanda mlima. Tukavuka daraja. Mimi nilikuwa nasoma ishara. Tukaingia bondeni, na nyumba za kwanza zikaonekana, na chumba kizima kikasogea mbele, maana kila mtu katika parseli alijua ni hapa. Nikainua macho. Taa ilikuwa nyeupe. Kutoka milango mitano nasikia vifuniko vya sufuria vinagonga gonga, maharagi yanachemka kwa nguvu zote, na taa ni nyeupe.

Nyumba. Miti. Watu wenye nyuso bapa. Feni yangu ndogo inapumua, inapumua. Saa ya stesheni ikapita. Nkambo akavuta breki kidogo, akaachia, akavuta tena. Ukingo wa stesheni ukaja kando yetu polepole kama mtu anayesogea kukupa nafasi kwenye benchi. Akavuta mara ya mwisho.

Treni ikasimama.

Haikusimama karibu na mstari. Ilisimama juu ya mstari wenyewe.

Sijui nani alianza kupiga vigelegele, nafikiri ni Mama, na beseni likawa ngoma. Watu walikuwa wanamshika Nkambo mkono kwa zamu, "Tumefika, Papa, asante, tumefika," na yeye anamjibu kila mmoja kwa uzito wote, "Mufike muzuri. Musisahau vitu." Jasho lilikuwa linamtiririka chini ya koti. Akakataa kulivua. Nami nilikuwa nalia na kucheka pamoja, nikijifanya naangalia nyaya nyuma ya kompyuta.

Fujo ilipopungua, akagonga meza.

"Aide. Leta daftari. Treni yenye haina feuille de route haikutembea."

Nikaleta daftari langu la kazi na kalamu. Akanisomea feuille yake, ile karatasi ya safari, nami nikaandika: saa ya kutoka, saa ya kufika. Machiniste, yaani dereva, yeye. Aide, mimi. Abiria, kumi na mmoja. Mzigo, réchaud tano.

"Bagage, beseni moja," akasema Mama.

"Andika, beseni moja."

Nikaandika. Nikauliza niweke nini pale pa mambo yaliyotokea njiani. Nkambo akafikiri. Akaangalia taa juu, akaangalia dirisha, ambako mvuke wa maharagi ulikuwa unapita.

"Rien à signaler," akasema, yaani hakuna la kuripoti. Kisha akachukua kalamu mkononi mwangu, akasogeza daftari karibu kabisa na macho, akaweka sahihi, ndefu, na mstari chini yake ulionyooka mpaka mwisho wa karatasi.